Bango la Dada Koku na Kaburi Langu la Kyerwa

Kwanza kabisa, sikufa. Mlionitumia rambirambi nawashukuru, na yule aliyeanza kuwagawa wateja wangu wa saluni kabla hata matanga hayajaanuliwa namjua kwa jina, tutaonana. Wengine wote mmeniuliza kilichotokea huko Kyerwa, na kila nikianza kusimulia mtu anaingia kusukwa na hadithi inakatikia njiani. Basi naandika mara moja, mpokezane.

Dada yangu Koku mnamjua, yule mkubwa, mjane, aliyeolewa Kyerwa. Marehemu shemeji alichonga ngazi kwenye kilima kilicho nyuma ya shamba lao la migomba. Ukifika juu siku ya anga safi, umesimama Tanzania na unaiona Uganda upande mmoja na Rwanda upande mwingine. Baada ya kumzika mumewe, Koku alijenga banda la wageni na choo kizuri, akasubiri watalii. Hawakuja. Magari yalipita barabara kuu kama kawaida, hakuna aliyejua pa kukunja.

Akaweka bango mwenyewe. Lilikuwa la bluu, maandishi mekundu, namba ya simu, na chupa ya soda imechorwa pembeni. Watu wa barabara wakaling'oa, na hawakumwonea. Bango la kivutio lina sheria zake: liwe la kahawia na maandishi meupe, lisiwe na tangazo wala namba ya simu, lisimame mbali na ukingo wa barabara, lisifichwe na kona, lisitundikwe kitu. Na juu ya yote, lisimpeleke mtu mahali ambapo gari dogo haliwezi kufika.

Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa mwiba. Njia ya kutoka barabara kuu hadi kwa Koku ilikuwa makorongo na magugu. Aliwaomba majirani wamsaidie kufyeka, lakini Mzee Rwiza, mwenyekiti wa Bataka, yaani chama cha kuzikana cha kijiji, alimjibu mbele ya watu, "Njia ya wageni wako, Koku, fyeka na wageni wako."

Akanipigia simu. "Kemi, kibali cha pili wamenipa. Mkaguzi atapita Ijumaa akitoka Murongo. Akikuta bango halijasimama, au limekosewa tena, nafunga geti. Banda nafugia mbuzi."

Dada yangu si mtu wa kutishia. Nikamwambia bango nitalileta mimi mwenyewe, na njia tutaiona hukohuko. Ndivyo nilivyo, nikishaahidi mambo mengine hujipanga nyuma yangu.

Mwanza hadi Bukoba

Fundi aliyelitengeneza alinikabidhi kama anayemtoa binti yake. Usoni lina karatasi maalumu inayong'aa ikimulikwa na taa za gari, na hiyo ndiyo mkaguzi huitazama kwanza. "Likikwaruzwa, dada, usinirudishie," alisema.

Kwa hiyo nikalilaza juu ya godoro jembamba, nikaweka nguzo zake mbili ubavuni, nikavingirisha vyote kwa shuka langu jeupe la harusi, lile lenye lesi ya maua pembeni. Sasa mnaweza kuanza kuona nilipokosea. Mimi sikuona. Melini, usiku wa Alhamisi, nililala karibu nalo mkono juu yake. Mama mmoja aliyekuwa jirani yangu alilitazama, akanitazama, akahama na watoto wake hadi upande wa pili. Nikafurahi nimepata nafasi ya kunyoosha miguu.

Bukoba hadi Omurushaka

Bandarini alinipokea Deus, dereva wa pikapu aliyeagizwa na Koku. Ni mtu mkimya, Mlutheri wa kwelikweli, na anapoendesha huimba tenzi polepole bila kufungua mdomo sana. Alilifunga bango nyuma kwa kamba, moja kwa urefu, moja kwa upana, zikapishana katikati. Nilimsifu kwa kazi safi.

Kyaka tulikula ndizi za kuchoma na senene, wale panzi wa kwetu, wa kukaanga. Deus aliondoa mabawa yaliyosalia mmoja mmoja kabla ya kuwatia mdomoni, na sikuthubutu kumharakisha. Tukavuka daraja la mto Kagera, tukapandisha. Mbele kidogo askari wa kizuizi alinyanyua mkono kutusimamisha, akaona mzigo, akaushusha mkono. Kisha akavua kofia.

"Huku wana heshima," nilimwambia Deus.

"Sana," alisema, akaendelea na utenzi.

Tulipofika Omurushaka simu yangu ilikuwa imezima chaji, na waya niliusahau melini. Sikujali. Deus ana simu, nilifikiri. Baadaye nikaja kujua kwamba Deus ana simu nyumbani kwake.

Igurwa, mahali gari lilipochoka

Mbele barabara ilikuwa ikitengenezwa, magari yakasimamishwa, na Deus akaamua kuzungukia Igurwa. Huko, katikati ya mashamba, pikapu ikakohoa na kuzima. Mpira wa mafuta ulikuwa umepasuka. Kibaya zaidi, taa za mbele ziligoma kuzimika, zikabaki zikiwaka mchana kweupe.

Deus akakata matawi ya majani mabichi, akayatandaza barabarani mbele na nyuma ya gari, kama madereva wote wanavyofanya kuwaonya wenzao. Akatuma salamu kwa fundi, akaketi chini kando ya mzigo, mkono shavuni, akisubiri. Mimi njaa ilinishika, nikashuka kwenye nyumba iliyokuwa ikitoa moshi.

Nyumba ile ni ya Mama Esperansi. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye na mumewe wanafanya kibarua kwenye mashamba ya kahawa. Hakuniuliza natoka wapi kabla hajanipa kigoda. Alinipakulia ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, juu akaweka parachichi nusu.

"Kula, dada. Mwenye safari hasimulii na tumbo tupu."

Nikala, nikaongezwa, nikaongea. Nikamsuka binti yake mistari miwili ya mbele kwa sababu mikono yangu haijui kukaa. Nilikaa sana, nakiri, lakini ndizi zile zilistahili.

Sasa haya yanayofuata niliyajua baadaye. Nikiwa ndani nasuka, alipita bodaboda wa Nkwenda anayeitwa Mugisha. Huyu anamjua Koku, na alijua kwamba Koku anamngoja mdogo wake kutoka Mwanza. Akakuta gari limewasha taa mchana. Akakuta majani mabichi. Nyuma ya gari kuna kitu kirefu kimevikwa shuka jeupe lenye maua, kamba zimepishana kwa mfano wa msalaba. Kando yake mtu mzima ameshika tama anaimba utenzi wa Bwana. Na mdogo wake Koku haonekani popote.

Mugisha akasimama, akavua helmeti.

"Pole, mzee. Mnaelekea wapi?"

"Ahsante. Tunapeleka Kyerwa, kwa Koku wa kilimani."

Hakuuliza zaidi. Kijana aliyelelewa vizuri hamwulizi dereva wa msiba maswali barabarani. Aliinamisha kichwa, akawasha pikipiki, akaenda kutimiza wajibu wake.

Igurwa hadi Nkwenda

Fundi alikuja, akafunga mpira kwa raba, akasema gari litafika ila lisizimwe. Deus akayaokota matawi yake na kuyachomeka mbele, juu ya boneti, maana alijua litatuzimikia tena na hakutaka kukata mengine. Tukaondoka, taa zinawaka.

Jamani, sijawahi kuheshimiwa kama siku ile. Lori lilitupisha. Watu waliokuwa wakitembea walisimama kando na kuvua kofia. Wazee kwa vijana, hata watoto waliokuwa wakicheza mpira waliushika mpira wakatulia. Nikawaza, hawa watu wa Karagwe na Kyerwa tunawasema bure, wana adabu kuliko sisi wote wa mjini. Basi nikashusha kioo, nikatoa mkono, nikaanza kuwapungia. Niliwapungia kama mgombea ubunge. Mwanamke mmoja alishika kichwa kwa mikono miwili akalia kwa sauti. Nikampungia zaidi.

Nkwenda nilishuka kutafuta maji ya kunywa. Mama aliyekuwa akiuza alinifungulia chupa, akanishika kiganja na kukikandamiza.

"Pole sana, mwanangu. Jikaze."

"Nimejikaza tangu Mwanza, mama. Zito kweli, na likikwaruzwa tu nimekwisha."

Akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa. Akamwambia Deus, "Mfikishe haraka kwa watu wake, huyu akili inamtoka."

Deus akaitikia kwa heshima ya Kihaya, "Ndiyo, waitu." Deus huitikia kila kitu.

Nkwenda hadi kwa Koku

Tulipokaribia njia panda ya kwa Koku nilianza kujiandaa. Nilipanga tusimamishe gari barabarani, tutafute vijana wa kubeba bango kupita makorongoni, halafu nimkabili Mzee Rwiza mwenyewe kuhusu njia. Maneno nilikuwa nayo tayari, makali.

Lakini Deus alikunja, na gari likaingia kama limeingia uwanjani. Magugu yote yalikuwa yamefyekwa. Makorongo yalijazwa mawe na udongo. Mahali palipokuwa na tope palitandazwa mabua na magogo. Njia ile ambayo dada yangu alililia miezi na miezi ilikuwa imenyooka na bado inanuka majani mabichi.

"Deus, umeona? Wamekubali!"

Nikatoa mkono nje, nikaanza tena kupunga.

Uwanja wa Koku ulikuwa umejaa. Wanawake wameketi kwenye mikeka, khanga zimefungwa viunoni. Wanaume wako upande wa pili, kimya. Mikungu ya ndizi imelundikwa, kuni zimepangwa, masufuria makubwa yako motoni. Nikadhani ni sherehe ya kupokea bango, nikaona kidogo wamezidisha. Kisha nikawaona vijana ndani ya migomba, pembeni mwa kaburi la shemeji, wanatoka shimoni na majembe, udongo mwekundu umewapaka hadi magotini.

Deus akasimamisha gari. Wanaume sita wakaja nyuma kupokea mzigo, taratibu, macho chini. Mimi nikafungua mlango nikashuka.

Sauti niliyoisikia sitaisahau. Haikuwa kilio wala kelele, ilikuwa pumzi ya watu wengi ikiingia kwa wakati mmoja. Mwanamke wa mbele aliangusha sufuria. Kijana aliyekuwa ameshika kona ya godoro akaliachia na kukimbilia migombani, hata leo sijui alirudi saa ngapi.

Koku alikuwa ameketi mlangoni, ameshikwa na wanawake wawili huku na huku. Uso umevimba. Alinitazama kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Akanyanyuka, akaja, akanigusa shavu. Akaniminya sikio, vile alivyokuwa akinifanyia utotoni nikichelewa kutoka kisimani. Halafu akanizaba kofi.

"Simu yako haipatikani tangu asubuhi!" alipiga kelele. "Wamenichimbia shimo lako nikiona, Kemi! Karibu na mume wangu! Nimechagua mahali mimi mwenyewe!"

Kisha akanikumbatia, tukakaa chini wote wawili katikati ya uwanja. Nililia. Mimi ambaye hamjawahi kuniona nikilia nililia kamasi na kila kitu, na kutoka begani kwake nililiona lile shimo. Lilikuwa limechimbwa vizuri. Kuta zake zimenyooka.

Uwanjani

Mzee Rwiza alisubiri tumalize. Kisha akaja na fimbo yake, akaizunguka pikapu. Akatazama majani ya boneti. Akatazama taa. Akafunua shuka kidogo, akasoma: KILIMA CHA NCHI TATU.

"Majani haya ameyaweka nani?"

"Mimi, waitu," alisema Deus. "Gari lilikufa Igurwa."

"Wewe ni dereva. Hujui gari lenye majani mbele na taa mchana limebeba nini?"

Deus akayatazama matawi yake. Alikuwa anajua. Sote tunajua, mwanzo wa lami hadi mwisho. Nilikuwa nimebeba bango la kutii kila sheria ya barabara, na njia nzima tumevunja sheria ambayo mtoto mdogo anaielewa bila kuandikiwa.

"Kijiji kizima hakikulima leo," alisema mzee. "Watu wamefyeka, wamechimba, wameleta chakula. Bataka itakaa. Dereva atatoa debe la rubisi."

"Nitatoa, waitu." Rubisi ni pombe ya ndizi, na faini ya Bataka hulipwa kwa hiyo.

Nikapangusa pua, nikasimama. "Shikamoo, mzee. Debe la pili natoa mimi. Lakini mkaguzi anapita leo. Naomba vijana wawili wenye majembe wakachimbe mashimo ya nguzo pale barabarani, sasa hivi."

Akatikisa kichwa. "Marahaba. Haiwezekani."

"Kwa nini? Majembe si haya, na watu si hawa?"

"Kaburi liko wazi, mwanangu. Kaburi likiwa wazi hapa, jembe haliingii ardhini mahali pengine popote. Na kaburi halifukiwi tupu. Tukilifukia tupu litamtafuta wa kwake."

Alisema hivyo kwa upole, bila ubishi, na nikajua hata ningekuwa na maneno makali kama ya wakili yasingemsogeza. Nilimtazama Koku. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa kwenye simu, wa geti na mbuzi. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea Rwanda. Mkaguzi angeweza kutokea wakati wowote.

"Mzee," nikasema, "nini kinaruhusiwa kuingia humo?"

"Mgomba. Mwenye kaburi akikosekana, huwekwa mgomba badala yake."

"Mgomba peke yake?"

"Mgomba, na kitu chochote cha mwenye msiba ambacho kimekufa kweli."

Koku akageuka bila kusema neno. Akaenda nyuma ya jiko, tukasikia kuku wakikimbizana, akarudi analiburuta bango lake la kwanza, lile la bluu. Lilikuwa mlango wa banda la kuku. Mavi yameifunika ile chupa ya soda, lakini namba yake ya simu ilisomeka.

"Hili limekufa," alisema.

Mzee Rwiza alilitazama bango, kisha akamtazama Koku. Nadhani alikumbuka alivyomjibu mbele za watu. Akavua kofia.

Tulizika. Vijana waling'oa mgomba mchanga pamoja na kitako chake, wakausimamisha juu ya bango la bluu, ncha yake ikichungulia nje. Koku akatupa udongo wa kwanza, mimi wa pili, na Deus, bila kuombwa, akaanzisha utenzi, na watu wakaitikia kwa sauti tatu, maana huku hakuna anayeacha utenzi upite hivihivi. Wanawake wawili walianza kucheka wakiwa wanaimba, wakajificha nyuma ya khanga. Mimi nililia tena kidogo. Si kila siku mtu anashuhudia wanaokuja kumzika, na nilikuwa nimewahesabu wengi kuliko nilivyostahili.

Njia panda

Kaburi lilipofunikwa, mzee akainua fimbo, na majembe yakatembea. Sijawahi kuona kazi kama ile. Watu waliokuja kuzika mtu mzima hawashindwi na mashimo mawili ya nguzo. Walipima kutoka ukingoni mwa barabara, wakasogeza mbali na kona, wakashindilia mawe. Kijana mmoja akaleta majani ya mgomba ayafunge kwenye nguzo yapendeze.

"Majani hapana!" tulipiga kelele pamoja, mimi, Koku, Mzee Rwiza na Deus.

Gari la mkaguzi lilitokea upande wa Murongo nguzo zikiwa bado zinashindiliwa. Akauona umati, akapunguza mwendo, akateremka ameshika kofia mkononi.

"Poleni na msiba," alisema.

"Tumeshapoa," alijibu Mzee Rwiza. "Kagua kazi yako."

Alikagua. Alipitisha kiganja kwenye uso wa bango akitafuta mkwaruzo. Godoro na shuka langu la harusi vilifanya kazi yake, uso ulikuwa kama kioo. Akapima umbali. Akasoma maneno. Kisha akasema lile tulilokuwa tunalingoja, "Sasa twende niione njia."

Aliendesha mwenyewe hadi uwanjani kwa Koku na kurudi. Tulisimama tukimsubiri, kijiji kizima. Aliporudi alikuwa na sahani ya ndizi ya msiba mapajani.

"Njia nzuri," alisema akitafuna. "Mwaka jana faili lilisema haipitiki. Nani atakuwa anaitunza?"

Koku akanigeukia mimi.

"Bataka," alisema Mzee Rwiza. "Hiyo sasa ni njia ya kaburi. Njia ya kaburi haiachwi iote magugu."

Koku alijifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika, na mimi sikumgusa, nilimwacha. Rubisi ya Deus ililetwa jioni hiyohiyo.

Kwa Koku, kabla sijarudi

Nilibaki hadi Jumapili, maana kila nyumba ilitaka kunilisha. Walisema ni haki yao, kwa kuwa walishanililia. Baada ya ibada tukasikia gari. Likaja polepole, dogo, la familia moja kutoka Bukoba, baba, mama na bibi mmoja mbele.

"Tumeona kibao barabarani," alisema yule baba. "Ndipo hapa?"

Koku aliwakaribisha kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu shemeji alipokuwa hai. Aliwapitisha migombani kuelekea kwenye ngazi. Pembeni ya kaburi la mumewe bibi akasimama, akatazama lile tuta jipya na mgomba mchanga uliochomoza jani moja la kijani juu yake.

"Poleni, mama. Na hapa kalala nani?"

"Mdogo wangu," alisema Koku bila kucheka. Akageuka, akanionyesha kwa kidole nilipokuwa nashuka na sinia la chai. "Yule pale."

Wote wakanitazama. Nikashika sinia kwa mkono mmoja, nikawapungia.